Nilihukumu Kabla ya Kuona



Leo nataka kuwasimulia kosa langu. Si kosa la wizi wala la ulevi. Ni kosa ambalo wengi wetu tulio na elimu kidogo twalifanya, tena hatuliungami, maana hatulioni kuwa kosa: kutoa shauri juu ya jambo tusilolijua.

Mimi ni karani wa parokia moja huku kwetu Bukoba. Nilisomea ualimu, kisha nikaitwa kutunza ofisi ya parokia. Kijijini mtu kama mimi huulizwa mambo mengi. Huyu anakuja na barua ya benki, yule na karatasi ya hospitali, mwingine ataka kujua kama ndoa ya mtoto wake yaweza kufungwa kabla ya Kwaresima. Watu hudhani kwamba mwenye ufunguo wa kabati la vitabu vya ubatizo anao ufunguo wa mambo yote. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kudhani hivyo hivyo.

Basi mwaka jana, siku chache baada ya Marehemu Wote, kaka yangu mkubwa alinijia ofisini. Binti yake wa pili anasoma Makerere, kule Kampala, katika shule ya sanaa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Kaka aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe umesoma. Ada ya mtoto yataka ng'ombe wawili, nami ninao watatu. Nimemwuliza kwa simu, unatengeneza nini huko? Zamani alikuwa akichora picha, nami nilielewa. Sasa ananiambia anatengeneza nafasi. Nafasi ni kitu gani? Niuze ng'ombe kwa ajili ya nafasi?"

Mimi nikacheka. Nikamjibu: "Kaka, nafasi haitiwi guniani ikapelekwa sokoni. Weka ng'ombe wako. Mwambie mtoto arudi, tutamtafutia chuo cha ualimu au cha uuguzi."

Akavaa kofia yake, akashukuru, akaenda. Shauri lile halikunichukua hata dakika kumi. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi, wala sikuhisi maumivu.

Binti alirudi kwa Noeli. Baba yake alimwambia kwamba ada haipo, na kwamba ameshauriwa hivyo na watu wenye akili. Hakusema ni nani. Mtoto hakubishana. Aliomba jambo moja tu: aachwe amalize nyumbani kazi aliyokuwa ameianza, ili hata asiporudi chuoni asiwe mtu wa kuacha kazi nusu. Baba yake akakubali.

Siku ya tatu baada ya Noeli nikamwona mlangoni pa ofisi, ameshika daftari na mita ya fundi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja unisaidie. Nataka uniambie habari za nyumba ya bibi. Ilikuwa kubwa kiasi gani, na wewe ulikuwa ukilala wapi?"

Hapa yafaa niwaeleze wasomaji wa mahali pengine. Bibi yetu, mama mzaa baba, ambaye kwa binti huyu ni mama wa babu yake, alikaa katika msonge hata kufa kwake. Msonge ni nyumba ya kwetu ya zamani, ya mviringo, iliyoezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, ikasimama kama pia iliyopinduliwa. Watu, moto na ndama walikaa chini ya paa moja, kila mmoja kwa upande wake. Bibi alifariki mwaka 2003. Hakuna aliyetaka kukaa mle tena, sote tulikuwa na nyumba za bati. Nyasi zikaoza, nguzo zikaliwa na mchwa, na baada ya miaka michache ikaanguka. Mahali pake, kati ya migomba, pakabaki majani matupu, na mbuzi hufungwa hapo. Binti wa kaka alikuwa mtoto mchanga bibi alipofariki. Hakuikumbuka hata kidogo.

"Ya nini nyumba ambayo haipo?" nikamwuliza.

"Hiyo ndiyo kazi yangu," akasema. "Nataka kuonyesha mahali ilipokuwa."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu mwema amwelezavyo mtoto mzito. Alisema kwamba mchongaji atoa sanamu, nasi twaitazama sanamu. Lakini iko sanaa nyingine ambayo haikutengi na kitu kwa kukuambia usimame kule utazame. Msanii hupanga vitu vyake mahali, nawe waingia ndani, watembea kati yake, hata mwili wako wenyewe wakuambia kama mahali ni pana au pamebana, ni pa furaha au pa huzuni. Kwa hiyo si kitu kinachotazamwa, bali ni nafasi.

Akanionyesha kwenye simu yake picha za watu wawili. Wa kwanza ni Mmarekani, Fred Sandback. Mwaka 1966, alipokuwa bado mwanafunzi, alichukua uzi na waya kidogo, akauonyesha umbo la kipande cha ubao sakafuni, ukingo wake tu, pasipo ubao wenyewe. Akaendelea na kazi ya nyuzi hata kufa kwake mwaka 2003. Huvuta uzi toka dari hadi sakafu, basi. Nawe waona kama ukuta wa kioo, ukaogopa kupita ingawa hakuna kitu.

Wa pili ni mama Mwingereza, Rachel Whiteread. Mwaka 1993, mashariki ya London, nyumba za mtaa mmoja zilikuwa zimebomolewa, ikabaki moja. Yeye na mafundi wake wakamwaga zege ndani ya nyumba ile, chumba kwa chumba; ilipokauka wakaondoa kuta za nje. Ikabaki ile nafasi ya ndani imegeuka jiwe: mahali watu walipolala, walipokula, hata alama za milango na meko. Watu walibishana sana juu yake. Mwezi Novemba mwaka ule alipewa tuzo kubwa ya sanaa ya nchi yake. Mwezi Januari 1994 kazi yenyewe ikabomolewa kwa amri ya halmashauri ya mahali.

Moyoni nikasema: Wazungu wanayo saruji ya kuchezea. Lakini kwa mdomo nikamwuliza jambo la haki kidogo: "Na huko Makerere mnafundishwa hayo tu?"

Akatabasamu. Akanikumbusha kwamba shule yao ilianzishwa na mama wa Kiingereza, Margaret Trowell, mwaka 1937, na hata leo yaitwa kwa jina lake. Mtu wa nchi yetu, Sam Ntiro wa Machame, alisoma pale, akafundisha pale, akachora mashamba na watu wa Kilimanjaro. Na tulipopata Uhuru mwaka 1961 akawa mwakilishi wetu kule London. Mwingine, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ndiye aliyechora mwaka 1959 picha za ukutani katika kanisa la Waanglikana kule Murang'a nchini Kenya, akimwonyesha Bwana wetu akizaliwa kati ya watu weusi. "Watu hawa nao waliulizwa na wazee wao kama kuchora ni kazi," akasema.

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo ilinipasa kusema: Mwanangu, ni mimi niliyemshauri baba yako. Sikusema. Nilijifanya kutafuta kalamu. Kisha nikamweleza nililala wapi: upande wa kushoto uingiapo, nyuma ya kizuizi cha matete, karibu na ndama, na usiku nilisikia pumzi zao.

Akaandika yote daftarini.

Kwa siku saba alizunguka kwa wazee. Kila mmoja alimpa nyumba ya namna yake. Shangazi yetu alisema ilikuwa hatua kumi na tano toka upande hadi upande. Jirani mmoja fundi alisema hatua tisa, tena tulikuwa tukijisifu bure. Kaka alisema mlango ulitazama ziwa. Shangazi akasema hapana, ulitazama njia ya kanisani, maana bibi alikaa mlangoni akihesabu nani amekwenda Misa na nani hakwenda. Wakabishana hata kaka akasahau kwamba alikuwa amekasirishwa na kazi ile.

Binti hakumwamini mmoja akamwacha mwingine. Alichukua jembe. Akapalilia majani taratibu, akachimba kidogo kidogo kama mtu atafutaye sindano. Siku ya pili akakuta udongo mweusi na majivu, na mafiga mawili kati ya matatu yako palepale. Hatua chache kutoka hapo akakuta tundu la nguzo, udongo wake laini, tofauti na wa pembeni. Akafuatisha hivyo tundu kwa tundu. Akaniita nishike kamba katikati, naye akazunguka na ncha ya pili. Ikawa hatua kumi na moja. Na mlango? Ulitazama njia ya kanisani. Shangazi alipiga vigelegele.

Kisha akasuka kamba za migomba. Hakununua kitu ila mwanzi mmoja mrefu. Akausimika katikati, akapigilia vigingi arobaini na vinane kuzunguka duara, akavuta kamba toka kileleni hadi kila kigingi. Ndani akavuta kamba moja tu, usawa wa goti, mahali pa kila kizuizi: hapa pa wageni, hapa pa watoto, hapa pa ndama, hapa kitanda cha bibi. Mlangoni akasimika miti miwili mifupi, na juu yake kamba, usawa wa kifua cha mtu mzima. Hakuezeka chochote. Upepo ulipita, migomba ya ng'ambo ilionekana. Vijana waliopita walicheka wakauliza, je, ni mtego wa ndege gani mkubwa hivi?

Jumapili baada ya Misa akawaalika ndugu na majirani. Tulikuja kama thelathini. Nilisimama kando nikijiambia kwamba sasa mtoto ataaibika, nami nitajua kwamba nilishauri vema.

Kaka yangu ndiye aliyetangulia. Yeye ni mtu mrefu. Nyumba ile haikuwa na ukuta. Angeweza kupita kati ya kamba na kamba popote apendapo. Hakufanya hivyo. Alizunguka hadi upande wa njia, akafika kwenye miti ile miwili, akavua kofia, akainama, akaingia. Alipokwisha kuingia akasimama wima tena, akageuka kulia, akaketi chini mahali ambapo wanaume waliketi zamani. Hakuna aliyemwambia.

Baada yake akaja shangazi, naye akainama. Akaja jirani fundi, akainama. Wazee wote wakainama penye mlango ambao haupo. Shangazi akaenda moja kwa moja hadi kwenye mafiga, akachuchumaa, akatandaza mikono kana kwamba ipo chungu. Watoto, ambao hawakuijua nyumba, walikuwa wakikimbia wakipenya huku na huku; walipowaona wazee wakifanya hivyo, wakatoka nje, wakaja mlangoni mmoja mmoja, nao wakainama ingawa kamba iliwapita juu kabisa.

Mimi nikaingia mwisho. Nikaenda kushoto, nikasimama kwenye nafasi yangu ya kulala. Ilikuwa ndogo! Tulilala pale watoto watano. Nikatazama kamba iliyoonyesha kitanda cha bibi, ikawa karibu sana, mkono na nusu tu. Katika kumbukumbu yangu kitanda kile kilikuwa mbali. Ndipo nikaelewa kwa nini kila nilipoota vibaya nilisikia sauti yake kabla sijalia: hakuwa mbali hata kidogo. Miaka yote hii nilidhani bibi aliamka akaja. Kumbe alikuwa palepale. Jambo hili hakuna picha iliyoweza kuniambia, wala maneno. Niliambiwa na miguu yangu iliposimama mahali pale.

Nikatoka nikaenda nyuma ya migomba, maana sikutaka watu wanione.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho karani wa parokia hapaswi kusahau. Kazi yangu ni kuandika vilivyopo: kalisi mbili, mabenchi arobaini, vitabu vya nyimbo kadhaa. Kisichopo hakiandikwi daftarini. Lakini kila mwaka, baada ya Misa ya Alhamisi Kuu, altare huvuliwa vitambaa, na Sakramenti huhamishwa. Ijumaa Kuu waamini wanapoingia kanisani wakuta tabernakulo ni tupu na mlango wake wazi. Hakuna anayewaeleza. Hata mtoto mdogo hunyamaza. Ule utupu wawaambia kwamba Bwana amekufa kuliko mahubiri marefu. Na asubuhi ya Pasaka, wanawake walikuta nini kaburini? Walikuta nafasi. Hata Hekalu la Solomoni, kadiri ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, patakatifu pake pa ndani palikuwa dhiraa ishirini urefu, ishirini upana na ishirini kwenda juu. Chumba hicho hakikujengwa ili watu wakae, bali liwekwe Sanduku la Agano. Nafasi ilipimwa kwa ajili ya Mungu. Nami niliyasikia hayo tangu utoto, kisha nikamwambia kaka yangu kwamba nafasi si kitu.

Jioni ile nikamwita kaka na binti yake pamoja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mtihani wa ualimu. Nikasema: "Mwanangu, yule mtu mwenye akili aliyemshauri baba yako ni mimi. Nilishauri juu ya kazi ambayo sikuiona, kwa sababu niliulizwa nikaona haya kusema sijui. Nisameheni."

Kaka alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Nami nilikuuliza kwa sababu nilitaka jibu lile. Ng'ombe ni wagumu kuachana nao." Binti hakusema neno kali. Alisema tu: "Baba mdogo, nilijua. Kijijini hapa, ni nani mwingine anayeshauriwa?" Nilicheka, lakini lilinichoma.

Tukapatana hivi: kaka auze ng'ombe mmoja, mimi nitoe kiasi kilichobaki kutoka mshahara wangu kwa awamu. Si mzigo mwepesi, nami nina watoto wawili shuleni. Lakini shauri baya lina gharama yake, na ni haki aliyelitoa alipe sehemu. Akarudi Kampala na kamba zake ndani ya gunia. Alisema atazifunga upya katika chumba cha maonyesho chuoni, na kwamba chumba kile ni kidogo kuliko nyumba ya bibi. Basi kamba zitaishia ukutani, na watu watajua kwamba nyumba yaendelea nje ya ukuta.

Sisemi, ndugu wasomaji, kwamba kila mtoto apelekwe shule ya sanaa. Wala sisemi kwamba kila kitu kinachoitwa sanaa ni chema. Kama ilivyo katika mahubiri na katika kupika, wapo wanaojua na wapo wanaoharibu. Kadhalika chakula cha mwaka chapaswa kufikiriwa kabla ya kuuza mifugo. Nasema hili tu: wazazi, mtoto anapokuletea kazi usiyoielewa, usimhukumu kwa jina la kazi. Nenda ukaione. Simama ndani yake. Ukiisha kuona, sema lako. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nami nimejifunza kwamba viko pia visivyoelea wala kushikika, na vimeundwa kwa jasho.

Na ninyi wenzangu mnaoulizwa mashauri vijijini, makatekista, walimu, makarani: neno "sijui, twende tukaone" halimpunguzii mtu heshima. Mimi sasa nalisema mara nyingi, na bado watu waja ofisini.

Pale kwenye kibanja mwanzi umekwisha anguka, na vigingi vingi vimeng'olewa na mbuzi. Miti ile miwili ya mlango ingali imesimama. Kaka amekataza isiguswe. Juzi nilimwona akipita kwenda kukata ndizi. Hakukuwa na kamba wala paa, na alidhani yuko peke yake. Alipofika pale aliinama.